Kitandiko cha Kafedha

Kafedha aliletwa Changamwe na mumewe mwaka 1936, majuma machache baada ya kufunga ndoa katika kanisa la kwao Rabai. Mume alikuwa Ruwa wa Fondo, kijana mrefu mwenye sauti ya kuongoza nyimbo, aliyekuwa amepata kazi ya kupakua mizigo bandarini Kilindini. Alikuwa amejenga nyumba ya udongo na makuti, juu kidogo ya mteremko unaoshuka Kipevu: vyumba viwili, ua wa nyuma, na jiko la nje. Kafedha aliingia humo na sanduku la bati, sufuria zake na mfuko wa nyuzi nyeupe za pamba.

Nyuzi zile ndizo zilizokuwa mali yake hasa. Katika shule ya misheni wasichana walifundishwa kufuma kwa ile sindano moja ya chuma yenye kikulabu nchani. Wenzake walifuma kwa sababu waliambiwa wafume. Kafedha alifuma akiangalia sufuria, alifuma akingoja zamu ya maji bombani, alifuma akizungumza na watu, na hakuhitaji kutazama vidole vyake ila pale alipobadilisha mstari.

Mwaka ule wa kwanza alianza vitu vitatu kwa pamoja. Cha kwanza kilikuwa kitambaa cha meza, ijapokuwa meza yenyewe Ruwa alikuwa bado hajaichongesha. Cha pili kilikuwa kitandiko cha kitanda: maua meupe ya mviringo, kila moja likiwa na upana wa kiganja, ambayo yangeunganishwa moja baada ya jingine mpaka yafunike kitanda cha watu wawili na kuning'inia pande zote. Cha tatu hakumwonyesha mtu. Kilikuwa kofia ya mtoto mchanga.

Mtoto hakuja. Ulipita mwaka, ukapita wa pili. Kofia ilikuwa imebaki mistari michache tu kwisha, na Kafedha hakuimaliza, akiona kama kuimaliza ni kumwita mtu kwa kelele. Aliiweka chini kabisa ya mfuko akaendelea na maua ya kitandiko.

Ndipo baba yake Ruwa alipofariki huko kwao, na mama yake, Nyevu, akaja kukaa nao Changamwe. Nyevu alikuwa mwanamke wa shamba na kinu, aliyezoea kupiga gumzo na majirani tangu asubuhi. Changamwe hakukuwa na shamba, na majirani wengi walikuwa watu wa kuja, kila mmoja na lugha yake. Aliketi barazani akimtazama mkaza mwanawe akifuma. Akisema neno, Kafedha alimjibu kwa adabu, lakini macho yalikuwa kwenye uzi.

Jioni moja, Ruwa alipokuwa akila, Nyevu alisema mbele yao wote wawili, "Nimekwenda kuuliza kwa mganga."

"Kuuliza nini, mama?" Ruwa aliuliza.

"Kwa nini nyumba hii haina mtoto. Nimeambiwa huyu mkeo ajifunga mwenyewe. Kila fundo atialo kwenye uzi alitia tumboni mwake. Huo uzi usipowekwa kando, hutaitwa baba."

Ruwa alicheka. Alikuwa mtu wa kanisa, na mambo ya waganga alikuwa ameyakana mbele ya watu. Kafedha naye alicheka kidogo, akamtilia mavyaa wake mchuzi. Lakini Nyevu hakuliacha neno lile. Kila mwezi ulipopita bure alilirudia, si kwa ukali, bali kwa sauti ya mtu anayekumbusha kwamba chumvi imekwisha. Mwishowe Ruwa hakuwa akicheka tena.

"Weka kwanza, Kafedha," alimwambia. "Siamini mambo hayo, wajua. Lakini mama apate kutulia."

"Niweke mpaka lini?"

"Mpaka mambo yatengenee."

Kafedha alivikunja vyote, akavifunga ndani ya kanga kuukuu, akavitia kwenye sanduku la bati. Ruwa alilipandisha sanduku juu ya boriti. Sindano Nyevu aliichukua mwenyewe akaitupa chooni, na aliporudi alinawa mikono mpaka viwikoni.

Mambo hayakutengenea. Vita vilikuja, na bandari ikajaa meli hata wapakuzi wakawa wanalala kazini. Ruwa alifanywa nyapara. Alianza kurudi nyumbani mara moja moja, kisha akawa anapitisha majuma mawili bila kuonekana, na kila mara kazi ndiyo iliyosingiziwa. Siku aliyokuja kusema kweli hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nimeoa Kongowea," alisema. "Aitwa Jumwa. Amejifungua mtoto wa kiume."

Kafedha alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuchambua.

"Sikukuacha," Ruwa alisema. "Utakaa hapa na mama. Chakula nitaleta."

"Mtoto umempa jina gani?"

"La baba. Fondo."

"Vizuri," Kafedha alisema.

Katika kanisa la pale Changamwe Ruwa alizuiwa kushiriki meza ya Bwana, naye akaacha kuja kabisa. Kafedha aliendelea kwenda na kuketi benchi lile lile, na wanawake walimwonea huruma kwa namna iliyomfanya atamani kurudi nyumbani kabla ya baraka. Miaka mitatu na zaidi ilikuwa imepita tangu aache uzi, na tumbo lake lilikuwa vile vile. Hakuna aliyelitaja hilo, si Ruwa, si mama yake.

Nyevu alikwenda Kongowea kumtazama mjukuu. Alivaa vizuri, akabeba kuku jike mwenye kuatamia, akapanda motokaa mpaka kisiwani, na kutoka huko akatembea akavuka daraja la Nyali kwa miguu. Alirudi siku ile ile na kuku wake kwapani. Kafedha alipomuuliza habari za mtoto alisema amelala. Baadaye ilijulikana kwamba Jumwa alimwambia hivyo mlangoni na hakumpa hata kiti. Hakwenda tena. Basi wakabaki wanawake wawili nyumba moja, yule aliyeachwa na mume na yule aliyeachwa na mtoto, na hawakuwa na la kuambiana.

Mwaka 1943 miguu ya Nyevu ilivimba. Alianza kutembea kwa kushika ukuta, kisha akawa hatoki kitandani. Kafedha alimwosha, akamgeuza, akampikia uji na kumnywesha. Ruwa alituma gunia la unga kwa mkono wa mtu mwingine. Nguo nazo zilikuwa shida wakati huo, madukani zikitolewa kwa kugawiwa, na mgonjwa alihitaji vitambaa kila siku. Kwa kutafuta matambara ndipo Kafedha alipoliteremsha lile sanduku la bati.

Alifungua kanga kuukuu. Mende walikuwa wamekula pembe ya kitambaa cha meza, na weupe wa nyuzi ulikuwa umegeuka rangi ya meno ya mtu mzima, lakini maua ya kitandiko yalikuwa salama, rundo zima, yakingoja kuunganishwa. Aliketi sakafuni akayapanga mapajani. Aliona makosa madogo aliyoyafanya akiwa bibi harusi. Hakulia. Alichohisi kilikuwa hasira, na ilimshangaza kuwa hasira ile ilikuwa bado mbichi kiasi hicho. Kanga ile kuukuu ndiyo aliyoipasua matambara.

Kesho yake alikwenda kwa Ngumbao, fundi wa baiskeli aliyekuwa na banda karibu na njia ya reli.

"Nikatie spoku," alimwambia. "Kisha unipindie ncha hivi, uikwangue isikwaruze uzi."

Ngumbao aliangalia mchoro aliouchora mchangani. "Spoku siku hizi hazipatikani, mama. Hii ni ya kuvulia samaki?"

"Ni ya kufumia."

"Kufuma uzi gani? Uzi wenyewe uko wapi?"

"Wewe nitengenezee."

Aliporudi na sindano yake mpya hakuketi uani wala barazani. Aliweka kigoda katika mlango wa chumba cha mgonjwa, mahali penye mwanga, ambapo Nyevu asingeweza kufungua macho bila kumwona. Akaanza kufuma.

Nyevu alimtazama kwa muda mrefu. "Wafanya nini?"

"Najifunga, mama," Kafedha alijibu. "Si mlisema najifunga? Sasa nina nini cha kuogopa?"

Mgonjwa aligeuza uso ukutani.

Ikawa hivyo kila siku. Kazi za nyumba zikiisha, Kafedha alileta kigoda chake mlangoni. Wala hakufuma kwa furaha. Zamani vidole vilikwenda vyenyewe. Sasa alivisikia kila kimoja, na spoku ilimwachia malengelenge. Alifuma ili aonekane. Aliunganisha ua na ua, akalitandaza pande la kazi juu ya magoti lionekane linavyokua, na Nyevu alipoomba maji alimaliza kwanza mstari ndipo akainuka.

Uzi ulikwisha, kama Ngumbao alivyokisia. Duka la Hadi, pale njiapanda, halikuwa na uzi wa pamba hata wa kushonea vifungo. Kafedha akakichukua kitambaa cha meza, akakata fundo la mwisho, akaanza kukifumua. Kilifumuka upesi, uzi ukatoka umejikunjakunja, akauzungusha kwenye kipande cha ubao na kuulowesha maji ili unyooke. Meza haikuwahi kuchongwa. Hakukionea uchungu.

Siku moja, akiwa anafumua, alisema bila kuinua macho, "Mama, yule mganga mliyemwendea, alikuwa wa wapi?"

Akafumua mstari mwingine.

"Nauliza tu. Labda yu hai bado. Labda angeniambia mahali nilipokosea, maana uzi niliuweka, na mtoto sikumpata."

Kisha Nyevu akasema, "Hakukuwa na mganga."

Kafedha alisimamisha mkono.

"Sikwenda kokote," Nyevu alisema. "Ningekwenda wapi? Sikuijua hata njia ya kutokea hapa. Nilikuwa nikiamka, nyumba ni yako, mume ni wako, na mazungumzo yako yote ni uzi. Nikisema, waitikia 'naam, mama', na macho huyainui. Nilikaa humu kama kinu cha kuazima."

"Mngeniambia."

"Nilikuambia."

"Mliniambia tumbo langu limefungwa!"

"Na ukauweka uzi," Nyevu alisema. "Ukaanza kunitazama."

Kafedha alitoka uani. Alichukua sufuria zilizokwisha kuoshwa akaziosha tena kwa mchanga, moja baada ya nyingine, mpaka mikono ikamwasha. Aliikumbuka ile miaka, na Ruwa alivyokuwa akicheka mwanzoni, na jinsi kicheko kile kilivyopungua mwezi hata mwezi kwa ajili ya neno ambalo halikutoka kwa mganga wala kwa mizimu, neno la mwanamke aliyekuwa amechoka kuketi peke yake. Alijiuliza kama angeweza kuacha kumpa uji. Muda wa uji ulipofika alimpelekea, akamwinua kichwa, akamnywesha mpaka ukaisha. Nyevu hakuomba msamaha siku ile wala siku nyingine, na Kafedha hakumpa.

Kitandiko kilikaribia kwisha. Maua yote yalikuwa yameunganishwa na kilichobaki ni ukingo, ule mstari mnene wa kuzunguka pande zote ambao bila huo kazi yote ingeanza kuachia. Kitambaa cha meza kilikuwa kimekwisha chote. Kafedha alizunguka na ule ukingo pande tatu, na upande wa nne, alipofika katikati, akaona uzi uliobaki hautoshi.

Alikaa na sanduku tupu mbele yake. Halikuwa tupu. Chini kabisa, ndani ya karatasi aliyoifungia siku alipoipasua kanga, ilikuwamo kofia ya mtoto.

Aliitoa akaivalisha ngumi yake. Ilibaki ile mistari michache. Alichukua sindano, akatumia uzi kidogo uliokuwa umesalia kwenye ubao, akaimaliza kofia pale pale, kwa sababu hakutaka iharibiwe ikiwa nusu. Aliigeuza huku na huku. Ilikuwa imekamilika, nzuri, nyepesi. Kisha akatafuta fundo la mwisho kwa ncha ya mkasi.

"Hiyo iache," Nyevu alisema kutoka kitandani. Sauti ilikuwa imekwisha nguvu, lakini ilisikika.

"Niiache nimwachie nani?"

Nyevu alifumba macho. Kafedha alivuta, na kofia ikaanza kuzunguka ikipungua mkononi mwake, kutoka ukingoni kwenda utosini, mpaka ikabaki kitanzi, na kitanzi nacho kikafunguka. Uzi ule ulitosha upande wa nne.

Alikifua kitandiko kwa majivu na sabuni, akakianika uani, akakitandika kitandani mwake. Nyevu hakuletewa akitazame, wala hakuuliza. Alifariki katika mvua za mwaka 1944, asubuhi, Kafedha akiwa anampangusa uso.

Ruwa alikuja, na jamaa zake kutoka kwao, na watu wa kanisa wakiongozwa na mzee Absalom. Jumwa hakuja. Ua ulijaa, wanawake wakaangua kilio, wanaume wakakaa mbele wakishauriana habari ya sanda. Bafta, ile nguo nyeupe ya sanda, haikupatikana. Aliyetumwa kwa Hadi alirudi na kipande kisichofika magotini, akasema mwenye duka ameapa wallahi ndicho chote alichonacho.

Ruwa aliingia chumbani kwa Kafedha kutafuta shuka. Alipotoka alikuwa amekibeba kitandiko mikononi, na wote wakageuka kukitazama. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona kazi kama ile katika nyumba za Changamwe.

"Mama amepata sanda," Ruwa alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka kweli. "Tazameni mkewe mwanawe alivyomfumia."

Wanawake walisifu. Mmoja alisema hakuna mkaza mwana wa namna hii siku hizi. Kafedha alikuwa ameketi kando ya maiti. Aliinuka.

"Hicho ni cha kitanda changu," alisema. "Kirudishe."

Ruwa alidhani hakusikia vizuri. "Ni sanda ya mama, Kafedha."

"Nimesikia. Kirudishe."

"Mbele ya watu? Mama yangu alale mchangani bila nguo, na wewe una hiki?"

"Mama yako nimemwosha mwaka mzima na zaidi. Nimempa matambara yangu yote. Hiki simpi."

Mzee Absalom alimvuta kando, akamwambia kwa upole kwamba marehemu hana ugomvi na mtu, na kwamba nguo ni nguo tu, itafumwa nyingine. Kafedha alimtazama. Angeweza kumweleza habari ya mganga asiyekuwako. Angeweza kumwonyesha upande wa nne wa ukingo na kumwambia uzi ule ulikuwa nini. Lakini ua mzima ulikuwa umenyamaza unasikiliza, na aliona kwamba akianza kueleza atalia, na kilio chake kitahesabiwa kuwa cha matanga.

"Hapana, mzee," alisema tu. Akakitwaa mikononi mwa Ruwa.

Nyevu alizikwa na kile kipande cha bafta, kanga mbili na mkeka. Habari ikaenea mpaka Rabai: mkaza mwana aliyemnyima mavyaa wake sanda. Hata wazazi wa Kafedha walituma neno la kumlaumu. Matanga yalipokwisha Ruwa alikuja na mjomba wake, na safari hii aliingia mpaka ndani.

"Aliyemfanyia mama yangu vile hawezi kulala chini ya paa langu," alisema.

Alikuwa akitaka nyumba tangu zamani, maana Kongowea alikuwa amepanga. Sababu ndiyo alikuwa hana, sasa akaipata, na hata watu wa kanisa hawakumlaumu. Kabla mwezi haujaisha Jumwa alikuwa akipika katika jiko lile la nje, na mtoto Fondo akikimbia uani.

Kafedha alipata chumba kwa Bi Alawiya, mjane wa Kiislamu aliyekuwa na nyumba upande wa pili wa reli. Bi Alawiya alikuwa amesikia habari zake kama kila mtu. "Mimi siulizi," alimwambia siku aliyohamia. "Maji yako nyuma, choo usisahau kukifunga." Kafedha alifua na kupiga pasi nguo za makarani wa reli, na kwa hilo akajilisha. Kitanda chake kilikuwa cha kamba, cha mtu mmoja. Kitandiko alikikunja maradufu ndipo kikalingana nacho, na hata hivyo, kwa joto la kule, aliishia kulala juu yake bila kujifunika.

Mwaka 1947 mzee Absalom alimfuata huko. Kanisa lilikuwa limepakwa chokaa upya, na wanawake walitaka kitambaa cha kufuma cha kuweka altareni. Uzi ulikuwa umerudi madukani tele, na mzee alikuwa ameununua, mabonge mapya mazima ndani ya mfuko wa karatasi. Alisema itakuwa njia nzuri ya watu kusahau yaliyopita.

"Nimesahau kufuma, mzee," Kafedha alimwambia.

Absalom alitazama kitandani nyuma yake, ambapo kile kitandiko kilikuwa kimetandikwa. Hakubishana. Aliuacha mfuko juu ya kigoda, akaaga.

Jumapili Kafedha alikwenda kanisani mapema, kabla ya watu. Aliuweka mfuko wa uzi kwenye benchi ambalo mke wa Absalom huketi, akarudi kwake. Pasi alikuwa ameiacha na makaa, na nguo za makarani zilikuwa zikimngoja.